Mlinzi wa Kerrabit na Bendera Moja

Ieleweke kwa wote, na izidi kueleweka, kwamba mwamuzi wa goli huamua kwa macho yake mwenyewe. Hamuulizi mchezaji, hamsikilizi mchezaji, na neno la mchezaji halina uzito wowote mbele yake wala mbele ya Kamati hii. Ndivyo ilivyotamka Kamati ya Ligi ya Wilaya ya Mto Tarrin, tarehe mosi Oktoba mwaka 1955, kwa mashine ya kuandikia ambayo herufi zake za mviringo zilikuwa zimezibwa na wino mkavu. Karatasi hiyo imetiwa fremu na kutundikwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha klabu ya Kerrabit, juu kidogo ya birika la chai, na mvuke wa miaka umeikunja pembe. Hakuna aliyewahi kuipinga. Hakuna pia aliyewahi kuisoma mara mbili, isipokuwa Aubrey Niemann, aliyekuwa mwamuzi wa goli mwenyewe. Na yeye kila alipopita kunywa chai aliisoma yote, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesoma kaburi la jamaa wa mbali.

Aubrey alikuwa na bucha mjini Hesketh, maili kumi na mbili kutoka Kerrabit. Katika ligi ile kila klabu ilitoa mwamuzi wake wa goli, mmoja akasimama upande huu wa uwanja na mwingine ule, na iliaminika kwamba dhuluma mbili zikitoka pande mbili husawazishana. Hesketh ilimtoa Aubrey kwa sababu waamuzi wa goli huvaa koti jeupe, naye la buchani alikuwa nalo tayari. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama nyuma ya nguzo nne na kuamua. Mpira, ambao kwetu una umbo la yai, ukipita kati ya nguzo mbili ndefu kutoka mguuni mwa mshambuliaji bila kuguswa na mtu, ni goli: pointi sita, bendera mbili. Mkono wa mlinzi ukiugusa njiani, hata kwa ukucha, goli linakufa, inabaki pointi moja na bendera moja.

Kwa ajili ya ukucha huo, kila mlinzi wilayani alipayuka "Nimegusa!" kila mpira ulipompita, hata ukimpita juu kama bata wa porini. Hakuna aliyeuita uongo. Ilihesabiwa kama kukohoa kanisani.

Katika watu wote hao, mmoja hakukohoa.

Leith Trembath alirudi kutoka vitani mwaka 1946, mrefu, mkavu, mwenye mikono kama makoleo, akarudia kazi aliyoiacha: kujenga uzio wa mashamba. Alikuwa akifumba jicho moja, anatazama nguzo ya mbali, kisha anatembea maili nzima akichimba mashimo, na mwisho wa maili uzio ulikuwa umenyooka kiasi kwamba kondoo wenyewe waliutazama kwa wasiwasi. Majirani waliokuwa hawajasemeshana tangu enzi za baba zao walikubali mpaka aliouweka Trembath, wakaendelea kutosemeshana kwa amani.

Kerrabit walimpa nafasi ya mlinzi wa mwisho, yule anayesimama mbele kabisa ya nguzo na kumlinda mfungaji hodari kuliko wote wa upande wa pili. Ni nafasi isiyo na sifa. Mfungaji akifunga magoli manane, gazeti humtaja yeye. Akifunga mawili, gazeti husema hali ya hewa ilikuwa mbaya. Trembath aliishika nafasi hiyo miaka kumi, mechi mia moja sabini na moja, na idadi ya magoli aliyowahi kufunga ni sifuri.

Aubrey alimwona kuliko mtu mwingine yeyote duniani, kwa sababu timu hubadilishana pande kila robo, na kila Kerrabit na Hesketh walipokutana, Trembath alikuja kusimama mbele yake robo mbili kati ya nne. Alimwona kwa nyuma. Aliijua shingo ile. Kwanza alidhani jamaa halali vizuri, maana alikuwa hatikisiki. Mpira ukiwa mbali upande wa pili, mfungaji wa Hesketh anazungukazunguka, anarukaruka, anafunga kamba za viatu mara ya sita, Trembath amesimama tu hatua moja nyuma yake. Kisha mpira unakuja juu, watu watatu wanaruka, na katikati ya viwiko na magoti yao unatokea mkono mmoja uliokunjwa ngumi, unaupiga mpira ule na kuurudisha ulikotoka. Haukuwahi kuchelewa. Aubrey, mtu aliyeshinda kutwa akikata nyama kwa panga, alijua thamani ya pigo linalotua mahali pake. Mara nyingine alisahau kuwa yeye ni wa Hesketh, akajikuta amefungua mdomo.

Mfungaji huyo wa Hesketh alikuwa Vin Quilty, mwenye nywele nyekundu, kwa hiyo kwa desturi ya nchi ya kutania kwa kinyume aliitwa Bluu. Bluu alikuwa na mdomo.

"Trembath! Mama yako alikusahau hapa?"

Trembath alitazama mpira.

"We mzee, mbona hunijibu? Au umekuja kupima uwanja uuwekee uzio?"

Bluu akamgeukia Aubrey.

"Aub, hebu mguse huyu kama ana joto. Isije ikawa namkimbia maiti."

"Mimi simgusi mchezaji," Aubrey akasema. "Kanuni."

Msimu mzima Trembath alisema maneno ambayo yangetosha kuandikwa kwenye kifuniko cha kopo la jamu. Ndiyo maana Aubrey aliyakumbuka yote.

Ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1947, uwanjani Kerrabit. Mpira ulipigwa kutoka mbali, Trembath akaruka, ukapita juu ya vidole vyake na kuingia. Walinzi wote wa Kerrabit wakainua mikono: "Kagusa! Kagusa! Aub, kagusa!" Jua lilikuwa machoni mwa Aubrey. Hakujua. Alikuwa tayari ameshika bendera moja, kwa kuwa kelele nazo ni ushahidi wa aina fulani, Trembath alipogeuka akamtazama.

"Sikugusa, Aub. Goli."

Kerrabit walishindwa kwa pointi mbili. Kapteni wao, Col Habgood, mkulima wa ngano mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, alimfuata Trembath mpaka kwenye bomba la maji.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa umesema kwa nini?"

Trembath alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa swali gumu. "Maana sikugusa," akasema.

Wiki tatu hakuna aliyemnunulia bia. Alijinunulia mwenyewe, akainywa, akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata walikuja mabwana wawili wenye kofia kutoka klabu moja kubwa ya Melbourne. Walimtazama akicheza, wakanong'onezana, wakamchukua kwa treni. Alicheza mechi tatu za majaribio. Katika ya tatu aligeuka akamwambia mwamuzi kwamba hakugusa. Kocha, mtu aliyekuwa akiheshimika sana kwa hotuba zake juu ya tabia njema, alimkatia tiketi ya kurudi siku hiyohiyo. Kerrabit walimpokea stesheni bila maswali, kwa kuwa mlinzi aliyeshika nafasi yake Jumamosi ile alikuwa amefungwa magoli kumi na mbili.

Polepole jambo la ajabu likaanza. Waamuzi wa goli wa wilaya nzima, mwashi, fundi wa matrekta, mwalimu wa shule ya Jumapili, kila mmoja kwa siri yake, walizoea kumtupia jicho Trembath kabla ya kunyanyua bendera. Akiokota mpira na kujiandaa kuupiga kutoka golini, kama ilivyo desturi baada ya pointi moja, ameugusa. Akiwarushia tu wenzake waurudishe katikati, ni goli. Hawakumuuliza. Kanuni ilikataza. Walitazama tu kule aliko, kama mtu anavyotazama saa ya posta bila kumuuliza saa mwenye posta.

Bluu Quilty mwenyewe alikoma kubisha. "Kasema kagusa?" alimuuliza Aubrey siku moja, baada ya mpira wake mzuri kuhesabiwa pointi moja. "Basi kagusa, mshenzi yule." Akatema mate, akarudi nafasini.

Hivi ndivyo ilivyofikia Jumamosi ya tarehe 24 Septemba 1955, fainali, Kerrabit na Hesketh. Kerrabit hawakuwa wametwaa ubingwa tangu mwaka 1929. Trembath alikuwa na miaka thelathini na sita, na goti ambalo asubuhi ilibidi libembelezwe kabla halijakunjika. Ilijulikana kuwa ni mechi yake ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Magari yalizunguka uwanja mzima, pua zikitazama ndani, kina mama wamekaa ndani yake na sufu zao na chupa za chai, tayari kupiga honi goli likiingia. Elva, mkewe Aubrey, alikuwa katika gari la nne kutoka nguzo, anafuma soksi.

Robo ya mwisho, dakika ya mwisho, Kerrabit pointi 65, Hesketh 60. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa kondoo. Hesketh wakipata goli, ubingwa ni wao kwa pointi moja. Wakipata bendera moja tu, ubingwa ni wa Kerrabit.

Mpira ulitoka kwenye rundo la watu wa matope, ukamfikia Bluu umbali wa hatua thelathini kutoka golini. Aliupiga hapohapo. Trembath alikuwa kwenye mstari wa goli, peke yake. Aliruka kwa mguu ule wenye goti bovu. Na wakati huohuo viatu vya watu wanne vilivyokuwa vikimfuata vilifunga breki mbele ya nguzo, likaruka tope zito la Tarrin, likampiga Aubrey usoni, kioo cha kulia na kioo cha kushoto cha miwani yake.

Dunia ikawa ya kahawia. Alisikia mpira ukitua nyuma yake. Alisikia honi zote za Hesketh. Alisikia "Goli! Goli!" na "Kagusa! Kagusa!" kutoka kwa watu ambao wangepiga kelele zilezile hata kama mpira ungeenda baharini.

Aubrey hakuivua miwani. Aligeuza uso kuelekea pale alipojua, kwa miaka yote ile, kwamba ipo shingo moja isiyotikisika. Hakusema neno.

"Nimegusa, Aub," ilisema sauti, bila haraka. "Kidogo tu."

Aubrey aliinua kidole kimoja. Akachukua bendera moja. Akaipunga, na kengele ya mwisho ikalia.

Ukimya uliofuata upande wa Hesketh, honi moja tu iliuvunja, na hiyo iliguswa kwa kiwiko na Elva kwa bahati mbaya alipokuwa akiangusha soksi.

Jumatatu bucha ya Niemann ilifunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida. Kufikia saa sita alikuwa amempata mteja mmoja, padri, ambaye alinunua figo na kusema kwamba kusamehe ni jambo kubwa. Soseji zilibaki. Jumanne mtu aliandika kwa chokaa kwenye dirisha: KIPOFU. Jumatano Hesketh walipeleka malalamiko rasmi: mwamuzi hakuona, mwamuzi alimsikiliza mchezaji, kanuni imevunjwa, mechi irudiwe. Kamati ikaitisha kikao Jumamosi.

"Ulimuona akigusa?" Elva aliuliza wakila kondoo wa kuchoma, chakula walichokuwa nacho kwa wingi wiki ile.

"Nilimsikia."

"Aubrey."

"Elva, yule mtu akiniambia hii ni samaki," alisema, akionyesha kondoo kwa uma, "nitatafuta miiba."

"Wakikuuliza Jumamosi, utasemaje?"

Hilo ndilo lililomnyima Aubrey usingizi. Akikiri kwamba hakuona, mechi itarudiwa, na neno la Trembath litakuwa limetupwa jalalani mbele ya wilaya nzima. Akidai kwamba aliona, atakuwa amesema uongo ili kulinda neno la mtu asiyesema uongo. Na Trembath mwenyewe angekuwepo ukumbini. Wakimuuliza Trembath kama alisema na mwamuzi, Trembath angejibu.

Kamati ilikaa saa nane mchana katika ukumbi wa mji, watu watano nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Horace Pascoe, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Hesketh kwa kuzaliwa, kwa ndoa na kwa kaburi alilokwisha kulinunua. Alikuwa mwenyekiti kwa sababu mashine ya kuandikia ilikuwa yake.

"Bwana Niemann," alisema, "ulikuwa umesimama wapi?"

"Hatua mbili kutoka kwenye nguzo, Bwana Mwenyekiti."

"Ulikuwa unatazama?"

"Nilikuwa natazama kwa nguvu zangu zote."

"Ulimuuliza mchezaji yeyote lolote?"

"Sikumuuliza mtu neno."

Bwana Pascoe alimtazama juu ya miwani yake mwenyewe, iliyokuwa safi sana. Alikuwa amefundisha watoto miaka arobaini na alilitambua jibu la kweli lililonyolewa likabaki ngozi tupu. Lakini kabla hajafungua mdomo, Trembath alisimama, kofia mkononi.

"Naomba kusema."

"Keti, Bwana Trembath. Neno la mchezaji si ushahidi. Kanuni ya kumi na nne."

"Mimi ndiye nili—"

"Keti, tafadhali."

Akaketi. Aubrey akapumua. Baada ya dakika tano Trembath alisimama tena, akaketishwa tena. Ukumbi mzima ulikuwa na watu mia moja na themanini, na wote walikuwa na haki ya kusema kasoro yule mmoja aliyejua.

Hapo ndipo Col Habgood, aliyekuwa anaitetea Kerrabit, aliona nafasi yake. "Sawa, asiseme!" alinguruma. "Na kidole chake kisiseme! Tazameni wenyewe, waungwana! Mkono wa kulia, kidole cha kati, kimefungwa bandeji! Kimevunjwa na nini, kama si na mpira wa Quilty? Mnataka ushahidi gani zaidi, mfupa upelekwe posta?"

Watu wote waligeuka. Kweli, kidole kilikuwa na bandeji, kinene kama mshumaa. Wajumbe wa Kamati walinyoosha shingo. Mjumbe mmoja alianza kuandika. Mtu wa Hesketh alisema "Ah," kwa sauti ya mtu aliyeona treni ikiondoka.

Trembath alisimama mara ya tatu, na safari hii hakuomba.

"Kidole ni cha nyundo," alisema. "Jumanne. Shambani kwa Lockyer, kwenye uzio wa chini."

Akaketi.

Habgood alifumba macho. Miaka minane ilikuwa imepita tangu lile bomba la maji, na hakuwa amejifunza kitu. Nyuma ya ukumbi Bluu Quilty alianza kucheka, cheko la chini lisilo na ubaya, akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Aubrey alikuwa ameona mikono mingi ikirushwa hewani katika maisha yake, lakini hakuwahi kuona mtu akiupiga ngumi ushahidi wake mwenyewe na kuurudisha ulikotoka, kwa wakati barabara, bila kutikisika.

Bwana Pascoe aliweka kalamu chini. Alitazama kidole kile, kisha uso wa mwenye kidole.

"Mapumziko," alisema. "Chai."

Kulikuwa na skonzi na jamu ya aprikoti kavu, kazi ya kina mama wa Hesketh, na watu wa Kerrabit walizila kwa tahadhari. Mapumziko yalichukua robo saa. Waliporudi, Bwana Pascoe alivuta mashine, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili, akawapa wenzake watie sahihi, akasimama akasoma: kwamba mwamuzi wa goli huamua kwa macho yake mwenyewe, na yote yanayofuata, na kwamba kwa hiyo matokeo ya uwanjani yanabaki. Malalamiko yametupwa. Kerrabit ni mabingwa.

Trembath hakucheza tena. Goti lilikataa. Aliendelea na uzio mpaka miaka ya sabini, na ukipita barabara ya Kerrabit leo utaona kazi yake kushoto, imenyooka hata pale ambapo barabara yenyewe imekata tamaa. Wiki mbili baada ya kikao wateja walianza kurudi buchani, wa kwanza wao akiwa Bluu, aliyenunua soseji ratili nne na kusema zilikuwa mbovu kama kawaida. Miwani ile Aubrey hakuisafisha. Alinunua nyingine, na ile ya zamani akaifunga kwa karatasi ya kufungia nyama, akaiweka kwenye droo chini ya visu, vioo vyote viwili vya kahawia.

Jambo moja hakumwambia mtu, hata Elva, mpaka Bwana Pascoe alipolazwa katika kaburi alilolinunua. Wakati wa chai ile Aubrey alikuwa chooni, kibanda cha bati nyuma ya ukumbi, na bati halizuii sauti. Alisikia viatu vya watu wawili vikisimama kando ya tangi la maji.

"Trembath," ilisema sauti ya mwalimu mkuu mstaafu, "uligusa?"

"Niligusa."

Viatu vya Bwana Pascoe vikageuka kurudi ukumbini kuandika. Hakuuliza mara mbili.